Nimwite kwa K au kwa H?

Mpendwa Shangazi Božena, naomba unisaidie maana nimefika mahali hata kulala silali. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, nilizaliwa Mwothodoksi nikaolewa na Zvonimir, Mkatoliki, na mji wetu unaujua ulivyo, daraja moja, makanisa mawili na makaburi ya vita pande zote, sasa mwaka huu katokea mtunzi kijana kutoka Zagreb akatutungia wimbo wa kuimbwa na kwaya zetu mbili pamoja, wimbo wa umoja wa Wakristo, na kusema kweli ni mzuri mpaka unalia, ila katikati kwaya zote zinanyamaza na sauti moja ya mwanamke inamwita Bwana kwa jina lake, mara moja tu, na sauti hiyo wamenipa mimi, eti kwa kuwa nina ndugu huku na huku. Nikafurahi kama mjinga. Kumbe mtego! Sisi Waothodoksi Kristo tunamwita Hrist, wenzetu Wakatoliki wanamwita Krist, na kanisani kwa mume wangu nimeimba K miaka yote bila kubisha, lakini mama yangu ng'ambo ya daraja yuko kitandani anapumua kwa mashine, tamasha litarushwa redioni Jumapili ya mwisho ya mwezi, na kaka yangu Radoje kanipigia simu akaniambia, "Dada, redio nitamwekea mama sikioni. Ukimwita kwa K naizima, na mlango huu usiuguse tena, hata siku ya kuzika." Nikamweleza Zvonimir nikidhani atanionea huruma, akaweka kijiko chini akasema, "Waliomchukua Mijo walikuwa wanamwita Bwana kwa H. Ukimwita hivyo mbele ya mji mzima, nguo zako utazikuta kwenye ngazi." Mijo ni mdogo wake, alichukuliwa barabarani wakati wa vita na mpaka leo hata mfupa hatujapewa, sasa nimjibu nini? Juzi mazoezini nikajaribu kulitamka katikati, si K si H, likatoka kama nimekwamwa na mwiba wa samaki, wanaume wa besi wakaangua kicheko, mmoja akasema, "Mama, Bwana umemwita au umempigia chafya?" Kondakta wa kwaya sasa anataka pale tuvume tu, midomo imefungwa. Shangazi, nimwite vipi nisipoteze mama wala mume?

Mwenye Midomo Miwili

Wewe Midomo Miwili,

Pole, na pole hiyo inatoka moyoni. Zvonimir ana haki ya kumlilia ndugu yake mpaka mwisho wa maisha yake; hana haki ya kukupangia mdomo. Radoje naye, mtu mzima anamgeuza mama mgonjwa kuwa fimbo ya kukuchapia, hebu aone haya! Na kondakta wako aache upuuzi: wimbo wa umoja wa Wakristo unaoogopa kumtaja Kristo ni wa nini?

Sasa nikugeukie wewe. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja, sijakiona. Umenieleza redio, mtunzi, besi, chafya. Mara ya mwisho kumshika mama yako mkono ni lini? Daraja moja, umesema mwenyewe! Huendi kwa sababu Zvonimir atanuna, si ndiyo? Halafu unataka herufi moja redioni ikufanyie kazi ya miguu yako. Haiwezi, mwanangu.

Wala sikudanganyi kwamba utabaki na wote. Huenda isiwezekane. Mwambie Zvonimir usoni, "Naenda kwa mama, nitalala huko." Akinuna, anune. Radoje akifungua mlango, mpite. Mwinamie mama sikioni umwimbie kipande chote, na Bwana umwite vile alivyokufundisha ukiwa mtoto. Jumapili hiyo, kama bado anapumua, kaa naye hapo hapo, jukwaani wamweke mwingine. Kama hayupo, panda uimbe kwa H, wazi, na nguo zako ukizikuta kwenye ngazi, ziokote.

Barua yako imekaa mezani kwa mhariri wiki nzima ikingoja zamu. Wiki nzima mama yako amevuta pumzi kwa mashine, na wewe ulikuwa unanisubiri mimi. Weka gazeti chini, vaa viatu, uende.