Mti wa Baba Kwenye Tamasha la Maua

Nyumba 41, Kichochoro cha Kanisani,
Xom Chieu, Saigon.
16 Februari 2011

Mpendwa mdogo wangu Khiem,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Norwei? Kifua kimepoa, au baridi bado inakiandama? Kila jioni kwenye rozari fumbo la tatu ni lako, Mama ndivyo alivyopanga, na ole wake atakayeliharakisha. Sisi tu wazima. Miguu ya Mama imezidi kuvimba, lakini ulimi wake, Mungu ashukuriwe, haujazeeka hata kidogo.

Mwaka mpya wa kalenda yetu ya mwezi tumeupokea salama. Nilipika ile mikate ya wali ya kufunga kwa majani ya mgomba, na wako ukatengwa kama kawaida. Siku ya sita ulichacha. Nikautupa Mama akiwa amelala.

Sasa nikueleze la tamasha, maana nina jambo la kuungama. Kwa padri nimeshalipeleka, bado kwako.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akiupeleka mti wake wa mai, ule wa maua ya njano ya mwaka mpya, kwenye tamasha la maua, pale bustani ya Tao Dan, na kila mwaka anarudi bila tuzo akisema majaji hawana macho? Tangu afariki, mti haukuwa umeshuka kutoka roshani ya juu. Mwaka huu Mama akasema, "Khiem anakuja. Mti uende." Basi mume wangu Dien akaushusha na kuupakia kwenye toroli, Mama akaketi kando yake, amelishika shina kama anayemshika mtoto.

Lakini wewe ulisema utafika siku ya kumi ya mwaka mpya, likizo yako ikianza. Na mti unaujua: ukiyanyofoa majani katikati ya mwezi wa mwisho wa kalenda yetu, maua hufunguka siku ya kwanza ya mwaka. Mimi nikahesabu kwa ajili yako. Mama hapandi tena ngazi, hivyo nikamwambia nimeyanyofoa, kumbe nimeyaacha siku kumi zaidi. Nilitaka ukute maua, Khiem, usikute petali chini.

Bustani nzima ilikuwa ya dhahabu. Watu wamevaa nguo mpya, wanapigana picha, na katikati yao mti wetu umesimama na upara wake. Jirani yetu Mzee Luc alikuwa pembeni na wa kwake, amefunga tai ya buluu.

"Dada Thoa," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka getini, "huu ni mai au umetuletea kuni?"

Watu wakacheka. Mama naye akamjibu, "Cheka, Luc, cheka. Wako umeshamaliza maneno yote. Wangu haujafungua mdomo."

Kisha akainama akayatazama matumba, madogo kama punje za mchele. Akaniuliza polepole, "Thoa, majani uliyanyofoa lini?" Nikajishughulisha na toroli. Akanipiga kikofi mkononi, halafu mkono huohuo akaushika, hakuuachia mpaka tumefika nyumbani.

Siku ya nne ndipo ukapiga simu kwamba bosi wako amekunyima likizo. Nilikaa na habari hiyo usiku mmoja, asubuhi nikamwambia Mama. Alisema, "Basi," akaomba chai.

Siku ya kumi, Jumamosi, saa ambayo ungekuwa unashuka kwenye ndege, mti ukafunguka wote. Dien akambeba Mama mgongoni kumpandisha roshani. Alikaa pale mpaka kengele ya kanisa ya saa sita. Hakulia. Alisema tu, "Huu umekuja."

Siyaandiki haya nikuchome. Kazi ya watu naijua. Ila Mama ana miaka themanini na mitatu, na mwaka huu alibebwa. Likizo yoyote watakayokupa, hata ya mwezi wa mvua, njoo. Usingoje maua.

Mzee Luc anakusalimu. Alipata tuzo ya tatu, hatupumui kwa majigambo yake. Dien anasema jaketi ulilomtumia analivaa hata kwenye jua. Kile kikaratasi cha Neno la Mungu cha Misa ya mwaka mpya, Mama alikuchumia chako kwenye ule mti wa kanisani vinakotundikwa, kiko chini ya sanamu ya Bikira. Hataki mtu akikunjue.

Na jambo moja la mwisho. Unajua siku tatu za kwanza za mwaka hatufagii, tusije tukafagia baraka. Mama ameiongeza sheria. Leo ni siku ya kumi na nne, roshani imekuwa ya njano tupu kwa petali, tunavuka kwa ncha za vidole. Ufagio nimeutundika kwenye msumari wako, ule wa mkoba wa shule. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuugusa.

Malaika wako asikuache njiani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukichelewa,
Thoa