Kaburi la Nyanya Liko Ndani ya Boma

Kisumu, Agosti 1988. Miaka arobaini na mmoja tangu tuhame.

Dada yangu Rispa,

Hujambo huko Tanga? Kadi ni ndogo, kwa hiyo nakupa jambo moja tu: tumeshinda!

Unakumbuka vitabu vilivyotusumbua. Daftari la enzi ya mkoloni la bandari alikofanya kazi Babu linasema Babu hakuwa na mke, na Nyanya alikuwa mpishi wake tu. Kitabu cha kanisa kinasema walioana. Baba alikufa akiitwa mtoto wa mpishi.

Jana nilifika kwenye boma la Babu, Luanda Kotieno, mvua ikinyesha. Mama Dorka, mjane wa binamu yake Baba, aliniwekea samaki na ugali, nikamweleza habari ya vitabu. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kwani huko kwenu Tanga, Mzee, mpishi anazikwa ndani ya boma? Babu yako alisema hana mke ndiyo apewe chumba pale kazini, vilikuwa vya makapera tu, na Nyanya akaandikwa mpishi. Nyanya mwenyewe alikuwa anamchekelea! Kula, halafu ukaone."

Sikumaliza samaki. Babu amelala upande wa kulia wa nyumba, Nyanya kushoto, mahali ambapo sisi Wajaluo hatumlazi mwanamke yeyote ila mke wa boma. Nilisimama pale nimelowa, nikamwambia Baba kwa sauti, kana kwamba ananisikia, kuwa hakuwa mtoto wa mpishi.

Waambie wajukuu waandike jina la Nyanya kwenye orodha ya ukoo wetu, nafasi ya mke, kwa wino. Mungu akutunze, na dawa ya macho usiiache. Nilichokifuata nimekiona, huku sitarudi tena.

Kaka yako