Pipa la Wandera na Maji Yasiyomwagwa

Mpendwa Mama Ajwang, ejok, kama tunavyosalimiana huku Turkana, naomba unisaidie kabla mama mkwe hajafika. Mimi ni karani hapa Lodwar, na nilipoanguka nikaumia mgongo mume wangu Wandera, ambaye hata si fundi, alienda mpaka Kakuma akajifunza kwa Kasongo, seremala Mkongomani, akaniundia pipa kubwa la mbao la kukaa ndani na maji ya moto, majirani wakacheka eti nani anaoga moto Lodwar, lakini nakwambia siku niliyoinama nikafunga viatu mwenyewe nililia, sijawahi kuona mwanaume wa namna hii. Sasa shida ni maji, huku kwetu kumwaga maji ni aibu, jirani Nakiru akikuona atakusema mpaka kanisani, kwa hivyo Wandera hamwagi, anaongeza tu mtungi juu ya mtungi, anasema moto unaua kila kitu, na sisi tunaingia tumejipaka mafuta, mbao zinateleza, harufu ipo, mimi nimetoka vipele mapajani nikamdanganya ni joto. Jumamosi mamake anakuja kuloweka mguu wenye kidonda cha sukari. Nikisema maji ni machafu nitamvunja moyo, nifanyeje?

Chepchumba

Chepchumba mwanangu, pole na mgongo, na huyo Wandera mpe mkono kwa niaba yangu, wangu hata kigoda hajawahi kunitengenezea. Lakini wewe! Unajikuna kimya kimya huku unamngoja mama wa watu na kidonda chake? Wandera akimdhuru mamake kwa mikono yake mwenyewe, hapo ndipo moyo utavunjika.

Maji ya kukalia ni ya uvuguvugu, hayaui kitu. Mwageni leo. Sugueni mbao kwa brashi bila sabuni, suuzeni, mjaze siku hiyo hiyo, maana jua la Lodwar likizikausha zitaachana na pipa livuje. Tieni klorini kwa kipimo cha kwenye mkebe, pimeni kwa zile karatasi za kupimia klorini kabla ya kuingia, kisha mfunike. Kila mtu aoge kwanza, mafuta yabaki nje. Yakianza kunuka, mwageni tena. Maji mnayomwaga yaoshee choo, Nakiru aone yana kazi. Vipele vipeleke kliniki. Na mwenye kidonda haingii hata maji yawe safi namna gani. Mama mkwe mpe chai, kisha daktari auone mguu.

Wandera mwonyeshe mapaja jioni hii hii. Mwambie pipa lake lilikuinua, na unataka likuinue miaka mingi. Mwanaume aliyeenda mpaka Kakuma kwa ajili ya mgongo wako hatashindwa kumwaga maji.