Kamioneti ya Musonda na pine zake ine

Kashikishi, siku ya Mungu mangaribi

Mama yangu mupenzi,

Pokea salamu ya mutoto wako mwenye kukaa ngambo ya ziwa. Miguu yako inasema nini wakati huu wa mvua? Kikohozi je? Mulamu yangu mwenye kukusomea barua, umupe kwanza chakula, juu leo niko na maneno mengi.

Siye huku tuko wazima. Samaki hakuna, juu serikali inafunga ziwa mpaka mwezi wa tatu. Tunakula sombe ya majani ya mihogo, na mihogo yenyewe, na tena sombe.

Wakati wa matanga ya kaka Musonda, mutoto wako wa kwanza, sikukuandikia habari ya kamioneti yake. Niliona haya. Leo nitasema yote.

Unaijua, ile ya kijani, ya zamani za Babeleji. Musonda aliipenda kupita muke, na muke alimukimbia juu ya ile. Basi kufuata desturi yetu, kitu ya mujomba inaenda kwa mupwa, na mupwa ni Kabwe wangu. Mutoto ule, Mama, sijisifu, lakini tangu alijifunza mekanike pale kwenu Likasi, moteri zinamusikia kama imbwa inasikia bwana yake.

Siku tulifika kwa lupango ya marehemu, kiwanja ya nyumba yake, tulikuta kamioneti inakaa juu ya mawe. Pine, ile mipira ya magurudumu, hakuna hata moja. Majirani walituambia Musonda mwenyewe alizitoa mbele ugonjwa umulaze, na hakuna mutu aliona alizipeleka wapi. Kuku zilikuwa zinataga mayai kwa kiti, na batu walianika samaki juu ya paa yake wakati ziwa haijafungwa.

Mudogo yako Mwansa, mwenye iko mukubwa wa jamaa huku, aliizunguka mara moja tu. Akasema muchuruzi, mufanya biashara wa muji wa Mansa, anataka kununua chuma. Siku ya sita ya juma ile tulikuwa tunapaswa kumupyanisha Kabwe, kumupa jina na nafasi ya mujomba yake pale makaburini. Mwansa akasema mbele ya batu yote:

"Mupwa anapyana kitu inatembea, hapyani mawe. Kama siku ile haitoki yenyewe kwa lupango, naiuzisha."

Na miye na kinywa changu hiki, Mama, nikamujibu: "Itatoka, itafika mpaka makaburini, na wewe utakaa mbele na chofere."

Tangu pale bamama wa soko hawakuniacha. Nikipita: "Mama Kabwe, motoka yako inaendelea kutambaa na magoti?" Nilikuwa nacheka nao.

Nikaanza kuisafisha. Siku tatu, majivu na muchanga, sawa vile ulinifundisha kusugua sufuria. Harufu ya samaki ikatoka, kutu ikatoka. Nikasugua na mulango, kwa nguvu, mpaka ukang'aa. Kumbe pale Musonda alikuwa aliandika jina yake na rangi nyeupe, na ile jina ilienda na majivu. Mwansa akapita, akapapasa mulango na mukono wazi. Akaniambia polepole: "Batu wanazika mwili. Wewe unazika na jina."

Kabwe naye alikuwa anatafuta pine. Alienda Mansa juu ya mizigo ya lori, wakamwambia kipimo ile haitengenezwi tena. Hapa kivukoni wakamuonyesha pine zimefungwa kwa mashua, upara kama kichwa ya Mwansa. Sasa akasema atavuka, huko kwetu Kongo zitapatikana. Kuvuka, na basoda wa jeshi vile wako wanakamata vijana ngambo ile! Nikamwambia atapita kwanza juu ya mwili yangu. Hatukusemeshana siku mbili. Miye na Kabwe, Mama, wewe unatujua.

Siku ya ine mzee Chanda, mwenye alikuwa anavua na Musonda, akatuita. Akasema hata kama motoka inapotea, mutumbwi wa marehemu ni wa Kabwe pia, aende autoe majini mbele ziwa ifunguliwe. Batu ya ziwa, wakati uvuvi umefungwa, wanazamisha mitumbwi na mawe ndani ya matete, juu jua isipasue mbao. Lakini ndani ya matete yale, juma ile, mamba ngwena alikuwa alikamata mbuzi.

Kabwe akaingia. Akatoa mawe, moja, mbili, nyingi. Halafu akazama, na hakutoka. Chanda akaanza kupiga maji na kafi. Miye nikasahau hata maneno ya Baba Yetu. Alipotoka, alikuwa anakumbatia kitu nyeusi, nikajua ni ngwena yenyewe. Akapangusa macho, akasema:

"Mama, mujomba aliona jua inakula mupira sawa inavyokula mbao."

Pine zote ine, Mama, chini ya mutumbwi, zimefungwa na kamba ya wavu, nyeusi kama siku ya kununua.

Shambreri zake, ile mipira ya ndani ya kujaza upepo, zilikuwa kwa sanduku ya Musonda tangu matanga, ine, na hakuna mutu alijiuliza ni za nini. Kwa kweli zilikuwa tatu. Moja nilikuwa niliikata kamba za kufunga mizigo yangu. Kabwe aliniangalia tu, akaenda kukata majani, akaijaza pine ya ine na majani, sawa batu ya kinga, ya baiskeli, wanavyofanya porini.

Siku ya sita muchuruzi akafika na lori na munyororo. Kabwe akawasha. Moteri ikakohoa, ikanyamaza. Mara ya pili, vile vile. Muchuruzi akaanza kukunjua munyororo. Mara ya tatu ikashika, na kamioneti ikatoka kwa lupango, ikichechemea muguu wa majani, Mwansa mbele, na siye bamama nyuma tunaimba. Tulipita kati ya soko. Nilimwomba Kabwe aende polepole.

Kaburini Mwansa akamufunga Kabwe mukanda wa marehemu kiunoni. Halafu akaonyesha mulango. "Uandike jina pale."

Kabwe akauliza: "Jina ya nani?"

"Yako, Musonda."

Basi, Mama, tangu utoto wake ulimuita bwana yako, naye alikuita muke wake. Ile mizaha inaisha. Sasa ni mutoto wako, na miye nilimuzaa, napaswa kumuita kaka. Asubuhi nilijaribu, ulimi ukakataa.

Unisalimie mulamu yangu na sauti yake nzuri, na mudogo yangu bwana yake, na mama mukwe wa Kabwe, umwambie binti yake aliolewa na mutu mwenye motoka. Na yule jirani alisema Zambia itatushinda, umusalimie mara mbili. Chini namuachia mwenye motoka, akusalimie yeye mwenyewe.

Ni miye binti yako,
Mama Kabwe, dada ya Musonda

Mama, ni miye mutoto wako Musonda. Miguu yako inasema nini?