Sarafu ya Bibi Mnadani

Usinipigie. Nikisikia sauti yako nitalia hapa nje ya ukumbi mbele za watu. Soma tu.

Nimetoka kwenye ule mnada wa sarafu za zamani. Unaikumbuka sarafu ya bibi, ile yenye tundu aliyokuwa akiivaa shingoni? Ile ambayo mjomba alituapia kwamba amemzika nayo?

Leo imewekwa mezani inauzwa!

Ni yenyewe. Ina tundu lilelile, na ule mkwaruzo wa msumari kwenye pua ya mfalme, ambao bibi alinichapia.

Nikanyoosha mkono. Mtu nyuma yangu akapandisha bei. Nikapandisha, akapandisha. Mwanamke mmoja mzoefu wa minada akaninong'oneza, "Huyo hata hakuja mezani kuikagua. Anayepandisha bila kukagua ndiye mwenye mali, anakuchuna tu."

Nikageuka.

Mjomba.

Mjomba mwenyewe, na kofia ileile aliyoivaa mazishini!

Aliponiona, mkono ukamganda hewani. Akaushusha taratibu, akajifanya anajikuna kisogo. Nyundo ikagongwa, nikauziwa mimi. Yaani nimenunua sarafu ya bibi yangu kutoka kwa mtoto wake wa kumzaa.

Mlangoni nikamwuliza, "Si ulisema umemzika nayo?"

Huyu ndiye aliyelia makaburini mpaka akashikiliwa! Unajua amenijibu nini?

"Sasa unanuna nini, mwanangu? Si imerudi nyumbani?"

Halafu akaniuliza kama nitalipa taslimu.