Namba Nne Kwenye Kioo cha Mashine ya Maji

KITUO CHA POLISI CHA MANISPAA, BONDE LA TLACOLULA, OAXACA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Eleuteria Mateo Luis
Umri: miaka 71, kwa hesabu ya marehemu mama
Kazi: kuuza maharage na tlayuda (chapati pana za mahindi) sokoni
Makazi: mtaa wa juu, nyuma ya kanisa

Mimi niliyetajwa hapo juu sikusoma, lakini macho ninayo.

Mnamo tarehe 11/03/2009, siku ya Jumatano, saa saba mchana, nilifika kwenye nyumba ya pampu ya maji ya mji. Nilikuwa nampelekea chakula mjukuu wangu Nereida, miaka 27, anayetunza programu ya kutia klorini kwenye maji. Nimemlea tangu ana meno mawili. Akishika kazi husahau kula. Liandikwe hilo.

Nilimkuta na Mhandisi Arreola, aliyekuja kukagua. Alikuwa amefungua programu nyingine, ile ya kuchungulia ndani ya programu inayofanya kazi, kuona imeshika namba gani. Klorini inatakiwa iwe moja. Kioo cha kompyuta kilionyesha nne. Alifunga maji hapo hapo, akasema, "Umechezea kipimo, binti. Ungeua watu."

Nereida alitia matone ya kupimia kwenye glasi ya maji. Yakawa njano hafifu, kama siku zote klorini ikiwa sawa. Mhandisi akasema matone yamepitwa na muda. Mimi nikajaza glasi nyingine nikanywa yote.

"Bi mkubwa, acha!" akasema.

"Nimeyanywa tangu alfajiri. Ningekuwa nimekufa ningekuambia."

Saa saba na nusu alipiga simu polisi. Nereida hakulia. Alikuwa anakwangua ukucha wa kidole gumba, kama siku tuliyomzika mama yake.

Nikamuuliza Mhandisi, hiyo nne ni nne ya wapi? Akasema nne ni nne. Nilimcheka. Sokoni tunapima kwa almud, sanduku la mbao. Watu wa milimani wana sanduku lao, kubwa. Maharage yao ya almud moja nikiyamimina kwenye sanduku langu yanatoka nne, na hakuna aliyeongeza hata punje. Mwenye akili huuliza kwanza: sanduku la nani? Nikamwambia, "Hicho kioo chako kimeambiwa sanduku la nani, baba?"

Nereida aliacha ukucha. Alisema, "Bibi, ngoja. Ngoja kwanza."

Alieleza kwamba wiki iliyopita aliihamisha programu kutoka mashine ya zamani. Alipoiunda upya aliiachia iandike namba kwa mtindo wa mashine ile, maana kumbukumbu za miaka ishirini zimeandikwa hivyo. Programu ya kuchungulia hakuiambia. Basi yenyewe ilikuwa inasoma namba za zamani kwa mtindo mpya, na kila namba inatoka mara nne yake.

"Nilisahau," alisema. "Kosa ni langu."

Nilimwambia ni kosa la kuchapwa kofi, si la kufungwa.

Aliandika mstari mmoja kwenye programu ya kuchungulia. Kioo kikaonyesha moja. Programu ya klorini hakuigusa. Mhandisi alikuwa amemsimamia begani. Akamwambia arudishe: nne. Abadilishe: moja. Mara tatu. Kisha akavua kofia, akasema, "Nisamehe, binti." Lakini gari lenu lilikuwa limeshafika, na askari wenu akasema ameagizwa kuleta mtu, hawezi kurudi mikono mitupu.

Niliyoyaona ndiyo hayo, sikuongeza punje. Mtoto yuko chumba cha pili na hajala. Chakula kinapoa.

(Alama ya dole gumba la kulia)

Maelezo haya yameandikwa nami, Koplo Abundio Sosa, na kusomwa kwa shahidi kwa Kizapoteko. Ameyakubali. Saa kumi alasiri Mhandisi Arreola amefika kituoni na kuthibitisha kila neno, akafuta malalamiko. Nereida ameachiwa huru saa kumi na robo. Maji yamefunguliwa. Shahidi aliombwa kuondoka, akakataa mpaka mjukuu amalize kula mbele yake. Mhandisi naye amekabidhiwa tlayuda moja na kuamriwa aimalize. Ameimaliza.