Ngomeni Kabla ya Tangazo la Tatu

Jumanne, 28 Januari
Nimeshona pindo la gauni, nimelifumua, nimelishona tena. Wateja wangu kule Iyunga ninakoshonea wangenicheka, fundi mzima kushindwa na gauni lake mwenyewe. Tangu wiki iliyopita niko nyumbani Iringa, kwa Baba Mlandege, kwenye chumba changu cha usichana, na miaka yangu thelathini na sita. Matangazo mawili ya ndoa yameshasomwa kanisani. Limebaki la Jumapili hii. Asipotokea mwenye pingamizi, Jumamosi ya wiki ijayo naolewa na Masanja, Msukuma wangu mkulima wa mpunga wa Chimala. Situlii. Nakaa, nasimama, nachemsha chai nisiyoinywa.

Jumatano, 29 Januari
Shangazi kaja na lake. Hakuna binti wa ukoo wetu aliyekwenda kwa mume bila kupelekwa kwanza mlimani, kwenye ngome ya zamani, kwa wazee waliotangulia. Nisipokwenda, yeye harusini haonekani. Baba hataki hata kusikia. Ni mzee wa kanisa, na kwetu anayeshiriki tambiko anatengwa: hakaribii meza ya Bwana, wala ndoa yake haifungwi. Kaka na dada hawa watanitia wazimu. Ila Shangazi ndiye aliyenilea mama alipofariki. Nimewakasirikia wote wawili.

Alhamisi, 30 Januari
Nimekwenda. Baba nilimwambia naenda sokoni.

Nilitegemea kitu cha kutisha. Kuta za mawe zilizobaki zinanifika magotini, nyasi zimezimeza, mbuzi wa watu wanapanda watakavyo. Humu ndimo wazee wetu walimojifungia vita vilipowafuata. Kwa udogo wake sijui walilalaje. Shangazi alinivua viatu langoni, maana kwake yeye lango bado lipo. Akamwaga ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula, akawataja wazee mmoja mmoja kwa Kihehe, akawaambia naolewa mbali, kwa watu wa ng'ombe, wasinisahau. Akanipaka unga wa ulezi kwenye paji la uso. Upepo mkali. Chini mji wote wa Iringa, mabati yanang'aa, na mnara wa kanisa letu unaonekana waziwazi. Nikageukia upande mwingine. Nilitaka tumalize tuondoke. Mwishoni akamtaja na mama. Nikalia kama mtoto.

Tukashuka. Barabarani tukamkuta mwinjilisti wetu anasukuma pikipiki yenye pancha.

"Kamwene," Shangazi akamsalimu, hana hata wasiwasi.

"Kamwene, mama." Akanitazama usoni, akachelewa kuondoa macho. Ndipo nikakumbuka unga. Tungekuwa Wakatoliki ningesema ni majivu, na hata hivyo Kwaresima bado.

Ijumaa, 31 Januari
Hakuna aliyesema kitu. Nimefagia uwanja mara mbili. Masanja kapiga simu, mama yake ameshashonesha kitenge, ndugu wameshapata gari. Anacheka tu. Sikumwambia. Mtu akibisha hodi nachungulia dirishani kwanza.

Jumamosi, 1 Februari
Baba kaitwa kwa mchungaji. Alirudi jioni, akala ugali wote, akanawa mikono.

"Ulipanda?"

Nikasema ndiyo. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Baba hasemi uongo, hata ule wa kumfariji mgonjwa. Kesho akiulizwa atajibu kweli, na ndoa yangu itaishia hapo. Naogopa. Namwogopa yeye kuliko mchungaji.

Jumapili, 2 Februari
Mchungaji akasoma majina yetu. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mwinjilisti alikuwa anatazama sakafu. Baba akasimama.

"Pingamizi sina," akasema. "Ila mmesikia habari za binti yangu kule ngomeni. Mimi ndiye niliyemtuma. Alikataa, nikamlazimisha. Mtoto ni wa kutii mzazi. Adhabu nipeni mimi."

Uongo mtupu, neno kwa neno, mbele ya madhabahu, kwa sauti ileile anayosomea Zaburi. Nilianza kuinuka. Akanigeukia, akanitazama mara moja tu. Nikakaa.

Wametoka nje, wazee na mchungaji, wakarudi. Baba ametengwa. Uzee wa kanisa wamemvua. Ndoa yangu ipo palepale.

Nina hasira naye. Nampenda mpaka naumwa. Tumerudi nyumbani kwa miguu, akasimama njiani kununua maparachichi.

Jumamosi, 8 Februari
Nimeolewa. Gauni limenibana kwapani. Wasukuma wamecheza hadi vumbi likaingia kwenye pilau, na Shangazi katikati yao kama kazaliwa kwao. Baba alinifikisha mbele kwa Masanja, akarudi kukaa benchi la mwisho.

Jumapili, 9 Februari
Tunaondoka mchana kwenda Chimala. Asubuhi tulikwenda ibadani. Ilikuwa Jumapili ya meza ya Bwana. Masanja alikaa mbele na ndugu zake, mimi nikakaa nyuma na Baba. Watu walipoanza kutoka kwenye mabenchi kwenda mbele sikunyanyuka.

"Nenda, mama," Baba akaninong'oneza. "Nilitaka uende."

Nikaenda. Nikapiga magoti, nikapokea, nikarudi. Akasogea kunipa nafasi, ingawa benchi zima lilikuwa tupu.